Nilimsingizia Mgema, Mkewe Akampokea Mwanangu

Mpendwa Mama Idah,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeitia motoni, na hii ya nne nikiimaliza nitampa papo hapo mama mmoja aendaye sokoni Malindi aitie posta kabla moyo haujanigeuka, kwa hiyo nisamehe mwandiko, mtoto ninaye mapajani na anaivuta kalamu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu ni Vihiga, lakini mume wangu Gerishom ni mwalimu wa shule ya msingi na huu ni mwaka wa saba tunakaa huku Kakuyuni, tumezoea joto, tumezoea nazi katika kila mboga, na nikisema kweli tuna raha, tuna nyumba ya makuti isiyovuja, tuna kuku, mahindi ya mwaka huu yamekubali, na mume wangu si mlevi wala hajawahi kuniinulia mkono. Kanisani kwetu mimi ndiye mwenyekiti wa umoja wa akina mama. Nakueleza haya usije ukadhani nina matata ya ndoa. Shida yangu ni moja tu, na nimeitengeneza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jirani yetu wa upande wa bondeni ni mzee mmoja Mgiriama anaitwa Kiponda, yeye na mkewe Kahonzi, watoto wao wameshaoa na kuolewa. Kiponda alikuwa mgema na alikuwa na kibali cha serikali, na watu walikuja kwake kunywa mnazi kuanzia alasiri, na njia yao ya kurudi ilipita kando ya ua wangu, wakiimba, wakitukanana, wengine wakikojolea sukuma wiki yangu mchana kweupe watoto wangu wakiwaona. Sisi akina mama wa kanisa tulilichukia boma lile, tuliliombea lifungwe, na kwa miaka sita yote sikuwahi kukanyaga uwanja wao, na Kahonzi akinisalimu njiani nilimwitikia huku nikitembea.

Novemba mwaka jana akina mama wakanituma kwa naibu wa chifu kupeleka malalamiko yetu, nikaenda, nikamweleza kelele na matusi na mboga zangu. Yule bwana akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, kelele pekee hazitoshi, mzee yule ana kibali. Ama anawauzia watoto wa shule?"

Mama Idah, aliponiuliza hivyo niliona kama mlango umefunguliwa mbele yangu. Nikasema, "Ndiyo. Nimewaona kwa macho yangu, wamevaa sare za shule."

Sikuwa nimemwona mtoto hata mmoja. Nilikuwa nimesikia tu watu wakisema kwamba mahali kama pale watoto hawakosi kuharibika, na nikajiambia kwamba uongo mdogo ukifunga pombe nyingi, Mungu atauhesabu kuwa ni kazi yake. Na kwa kuwa mimi ni mke wa mwalimu, hakutaka shahidi mwingine.

Askari walikuja siku ya pili yake. Walivunja vibuyu vyote, kotama yake ya kugemea ikachukuliwa, kibali kikachukuliwa, na mzee wa miaka kama hamsini na tano akalala korokoroni siku mbili. Jumapili ile tulishukuru kanisani. Mimi ndiye niliyeongoza sala, na sauti yangu ilikuwa nzuri.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mwezi wa Mei mwaka huu nilikuwa na mimba ya miezi minane, mume wangu ameitwa semina ya walimu Kilifi siku tatu, wale wakubwa wawili wako shuleni, mvua ya masika imeikata barabara, na mchana wa saa nane uchungu ukanishika ghafla. Nikasema nitembee polepole hadi barabara kubwa nikatafute gari. Sikufika. Miguu ilinikatalia karibu na boma la Kiponda, nikashikilia mti nikapiga kelele, naye Kiponda alikuwa juu ya mnazi akiangua nazi za watu, maana hicho ndicho kibarua alichobakiwa nacho, akateremka mbio akimwita mkewe.

Kahonzi akaja akanishika kiuno. Tulipofika mlangoni mwake nilisimama. Nakuambia kweli, na uchungu ule wote, nilisita kuingia nyumba ya mgema. Akaniambia, "Ingia, mwanangu. Mtoto hangoji ruhusa."

Mtoto alitoka kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni, amenyamaza, rangi yake si ya mtu. Nilianza kulia. Kahonzi hakupiga kelele, aliingiza vidole viwili akakifungua kama mtu afunguaye fundo la leso, akampulizia usoni, akamsugua mgongo, akamsemesha kwa Kigiriama kana kwamba wanajuana, na mtoto akalia. Msichana. Kahonzi akacheka, akasema, "Huyu ni Mapenzi," na jina hilo ndilo tunalomwita hadi leo.

Nikakaa kwao siku tatu, mpaka mume wangu alipopata njia ya kurudi. Nyumba yao ni chumba kimoja na jiko la nje. Kiponda alinipa kitanda chake na yeye akalala jikoni kwenye majivu siku zote tatu, na kila asubuhi alikohoa mlangoni kwanza kisha akauliza, "Mama Mwalimu, mmeamkaje na mgeni wetu?" Kahonzi alikwenda kwangu kuwapikia watoto, akawafungulia kuku, akarudi kunikanda. Mimi nilikuwa nimelala pale najua niliyowatenda, na wao hawajui.

Tangu siku hiyo Kahonzi amekuwa kama mama yangu. Akipata mboga ya mchunga shambani ananiletea, nikipika chapati nampelekea. Mume wangu anawapenda kupita kiasi. Na hapo ndipo mwiba ulipo. Siku moja Kiponda aliketi kwetu akamwambia mume wangu, "Mwalimu, kuvunjiwa vibuyu nimeshasahau. Lakini yule aliyenisema, simtafuti nimdhuru. Nataka tu aje anitajie majina ya hao watoto. Aniambie ni mtoto wa nani niliyempa pombe. Maana watu wakinipita njiani sasa wanawashika watoto wao mkono."

Nilikuwa nimeshika birika la chai, Mama Idah. Sijui jinsi nilivyomimina.

Na mwezi uliopita Kahonzi, tukiwa wawili tunatwanga, akaniambia, "Mama Mwalimu, nataka kumjua huyo Mungu wenu. Waliotuchongea wanasema ni watu wa dini, lakini nikikuangalia wewe najua si wote. Wewe huna uongo."

Sasa kanisa limepanga tumtoe mtoto mbele za Bwana Jumapili ya kwanza ya Oktoba, na mume wangu anataka Kiponda na Kahonzi wasimame pamoja nasi, na mimi nitoe ushuhuda jinsi Mungu alivyotuokoa. Nimeshindwa kulala. Nilimwendea mzee wa kanisa, Mzee Thuku, ambaye ni mtu mwenye busara, nikamweleza yote, akaniambia nimeshatubu kwa Mungu inatosha, yaliyopita si ndwele, na nikifungua mdomo nitaliaibisha kanisa na kumfukuza mama wa watu aliye mlangoni kuingia. Maneno hayo yananiogopesha, maana ni kweli, Kahonzi anakuja kwa Yesu kwa sababu ananiamini mimi. Nikisema, nitaiua imani yake kabla haijaota. Nisiposema, nitasimama mbele ya kanisa na mtoto mikononi na wale wazee wawili ubavuni mwangu na uongo tumboni.

Mume wangu naye hajui. Nifanye nini, Mama? Nijibu upesi, Oktoba haiko mbali.

Ni mimi,
Jedida (si jina langu la kweli, na wengine pia nimewageuza majina; anwani ya kweli iko kwenye bahasha)
Kakuyuni, 14 Agosti 1986


MAMA IDAH ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Jibu hili nimekutumia kwa posta kwanza ndipo nikalipeleka gazetini, kwa sababu mambo yako hayawezi kungojea mitambo ya kuchapa ya Mombasa.

Kwanza pole. Kukaa siku tatu kwenye kitanda cha mtu uliyemdhulumu, ukinyweshwa uji wake, hiyo ni adhabu ambayo hakuna hakimu angeweza kuitunga. Na nakupongeza kwa jambo moja: umeandika neno "uongo." Barua nyingi zinazofika hapa mezani kwangu husema "niliteleza," "shetani alinipitia," "maneno yalinitoka." Wewe umesema ulisema uongo. Basi dawa umeshaanza kuinywa, ingawa umekunja uso.

Sasa nikukaripie.

Unaniambia unaogopa kumwangusha Kahonzi. Hasha! Usijifiche nyuma ya roho ya yule mama. Unachoogopa kuangusha ni Jedida, mwenyekiti, mke wa mwalimu, mwenye sauti nzuri ya kuomba. Kahonzi akimwamini Mungu kwa kuwa wewe huna uongo, basi amejenga nyumba juu ya kitu kisichokuwepo, na wewe unamwangalia akipandisha ukuta. Siku moja naibu wa chifu, au karani wake, au mmoja wa akina mama wenzako atateleza ulimi, na ukuta utamwangukia. Hapo hatauliza habari zako tu. Atauliza habari za huyo Bwana unayemtaja.

Na Mzee Thuku mpe salamu zangu za heshima, kisha umwambie Mama Idah wa gazetini amekataa. Kutubu kwa Mungu ni kuzuri, lakini hukumsingizia Mungu. Ulimsingizia Kiponda. Bwana wetu alifundisha kwamba mtu aliye njiani kwenda madhabahuni na sadaka yake, akikumbuka kuna ndugu ambaye yeye mwenyewe alimkosea, aiache sadaka pale pale, akapatane na yule ndugu kwanza. Wewe sadaka yako ni mtoto Mapenzi. Unataka kumpeleka mbele za Bwana kwa mikono ya nani? Ya mwanamke aliyemfungua kitovu shingoni, huku hajui kwamba wewe ndiye uliyemfunga mumewe.

Unasikia ninavyosema kwa ukali? Ni kwa kuwa njia hii naijua. Mimi na wifi yangu kule Rabai tulikaa miaka sita bila kusemezana, kwa sababu nilimwambia kaka yangu neno juu yake ambalo sikuwa na hakika nalo. Mwaka wa kwanza niliona haya kwenda kusahihisha. Mwaka wa pili nikaona haya kwa kuwa nimechelewa mwaka. Mwaka wa tatu haya zikawa mbili. Nilipokwenda hatimaye, nilikuta nywele zake zimeingia mvi na mimi sikuziona zikiingia. Alinisamehe, lakini ile miaka sita hakuna aliyeweza kunirudishia. Wewe una miezi tisa tu. Ondoka sasa.

Fanya hivi.

Mwambie mumeo kwanza, leo hii ukisoma barua hii. Usingoje awe na furaha, na usimpikie kitu kizuri ili kumlainisha. Cheo chake ndicho kilichofanya uongo wako uaminiwe, kwa hiyo naye ana haki yake katika jambo hili.

Kisha nenda kwa Kiponda na Kahonzi, asubuhi, wakiwa wote wawili. Usiende na kuku, usiende na unga, usiende na leso. Mtu anayekuja na zawadi anakuja kununua. Usifungue kwa maombi wala usinukuu andiko, maana watu hawa walivunjiwa vibuyu na watu wenye maandiko. Usilie kabla hujasema, kwa sababu ukilia Kahonzi atakubembeleza, na si wewe wa kubembelezwa siku hiyo. Wala usiseme "kama nimewakosea." Hakuna "kama." Mzee ameuliza majina ya watoto. Mwambie kwamba hakuna mtoto, hakuna jina, ulitunga. Kisha nyamaza, na upokee watakachosema, hata kama ni "toka."

Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokimbia, nenda ukaurudishe uongo pale ulipouweka. Zakayo mtoza ushuru aliposhuka mtini hakuishia kusema samahani. Alirudisha, tena kwa wingi. Wewe ulichukua jina la mtu na kazi ya mtu. Nenda kwa naibu wa chifu, umwombe nafasi barazani, useme mbele ya watu kwamba ulishuhudia kitu ambacho hukukiona. Atakasirika. Mwache akasirike.

Utaniuliza, "Mama, yaani nimsaidie arudi kugema?" Ndiyo. Kama hupendi mnazi, mwambie Kiponda usoni kwamba hupendi, na umwombe awapitishe wateja wake njia nyingine, mboga zako zipone. Jirani anaweza kumwambia jirani hivyo na wote wakabaki watu. Ulikuwa na miaka sita ya kumwomba jambo hilo dogo, na hata uwanja wake hukuukanyaga.

Kuhusu imani ya Kahonzi, mwachie mwenyewe na Mungu wake. Kazi yako ni kusema kweli. Atakachofanya baada ya kuisikia si shauri lako.

Na ushuhuda wa Oktoba usitoe neno hata moja mpaka haya yote yamekwisha.

Mama Idah


BARUA YA PILI

Mpendwa Mama Idah,

Shikamoo tena. Leo ni tarehe 3 Novemba na naandika nikiwa nimeketi kibarazani, mvua za vuli zimeanza vizuri. Sikuchoma karatasi hata moja safari hii.

Barua yako ilinikuta Jumatano. Gerishom alikuwa akisahihisha madaftari, nikamwambia papo hapo kabla moyo haujapoa. Aliweka kalamu chini, akasema, "Kwa hiyo ni kazi yangu iliyomfunga Kiponda." Alikula bila kusema, na siku ya pili yake vilevile, nikajua sasa nimevunja na nyumba. Ijumaa jioni akaniambia, "Kesho tutakwenda pamoja. Lakini utasema wewe."

Tukawakuta wanapukusa mahindi. Wakatukaribisha kwenye mkeka, nikakataa kukaa, mtoto nimembeba. Nikasema, "Mzee Kiponda, mtu aliyekusema kwa naibu wa chifu ni mimi. Sikumwona mtoto yeyote. Nilisema uongo."

Kiponda hakuinua uso. Aliendelea kupukusa gunzi lile mpaka likaisha, akaliweka kando, ndipo akauliza, "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akainuka, akachukua panga lake, akashuka bondeni. Gerishom akamfuata kwa mbali, hawakusemezana, lakini niliambiwa baadaye walifyeka pamoja hadi adhuhuri.

Tukabaki mimi na Kahonzi. Akaniuliza polepole, "Siku ile ya mvua, nilipokuwa nimekushika, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa pindo la leso. Nilidhani atanifukuza. Alinyoosha mikono akasema, "Nipe mtoto. Wewe nenda kwako, sitaki kukuona leo. Mtoto huyu hana kosa. Akilia njaa nitamtuma mtu akuite." Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikakaa nimeutazama mlango. Aliniita saa saba. Mtoto alikuwa ameogeshwa na kupakwa mafuta.

Baraza lilikuwa wiki mbili baadaye, chini ya paa la shule, watu kama mia hivi, nami nilisimama nikasema yote. Wengine walicheka. Wengine wakaguna. Naibu wa chifu alinikemea mbele ya watu wote, akasema mke wa mwalimu anapaswa kujua maana ya ushahidi, na alikuwa na haki. Akina mama wenzangu wawili waliinuka wakaondoka. Kisha Kiponda akasimama kule nyuma, amevua kofia. Akasema, "Uongo aliusema sikioni mwa mtu mmoja. Kweli ameisema mbele ya watu mia. Nimesikia." Akaketi. Nilipotoka, mama mmoja ambaye siku zote alikuwa akimpita Kiponda kwa mbali alikuwa amesimama naye, anamuuliza habari za magoti yake, na mjukuu wa mama huyo amemshika mzee kidole.

Kibali amerudishiwa. Uenyekiti nimeuacha mwenyewe, na Mzee Thuku hunisalimu kwa ncha za vidole, lakini usingizi nalala, Mama, nalala kama mtoto. Wanywaji siku hizi wanapita njia ya chini. Nilimwomba Kahonzi, akamwambia mumewe, ikawa imekwisha, jambo la siku moja.

Mtoto tulimtoa Oktoba kama ilivyopangwa. Sikuwa na uso wa kumwalika Kahonzi, lakini tulipofika kanisani tulimkuta ameketi benchi la tatu, amejifunga leso mpya. Mchungaji alipoita, nilimpa yeye mtoto ambebe, nami nikatembea nyuma yake. Ushuhuda wangu ulikuwa mfupi, nilieleza nilivyomtenda yule mama na alivyonitenda. Baadaye mlangoni akaniambia maneno ambayo bado nayatafuna. Alisema, "Nilidhani kwenu ni mahali pa wale wasiokosa. Nikajiambia nitajaribu, lakini sitaweza, mimi nakosa kila siku. Sasa nimeona mkikosa mnafanya nini. Basi hilo naweza kujifunza." Tangu siku hiyo hajakosa Jumapili, na anaimba kwa nguvu nyimbo asizozijua.

Limebaki neno moja. Kiponda bado hajaingia nyumbani kwangu. Zamani alikuwa akija jioni kuzungumza na Gerishom, sasa akipita na baiskeli husema tu "Hamjambo hapo," na kupita. Nimempelekea salamu, nimemkaribisha chai mara nne. Nifanye nini zaidi?

Jedida


MAMA IDAH ANAMALIZA

Binti yangu, nimeisoma barua yako mara mbili nikafurahi, kisha nikafika pale mwisho nikatikisa kichwa.

Usifanye kitu. Acha kumtumia salamu na acha kumkaribisha chai, maana mzee wa watu sasa anaona haya kukukataa mara ya tano. Umeungama, umerudisha, yako umeyamaliza. Yaliyobaki ni yake. Akisema "Hamjambo hapo," wewe jibu "Hatujambo, Mzee," kwa sauti ya kawaida, uendelee na kazi yako. Asubuhi ukiwa uani mweke mtoto mahali anapoweza kumwona akipita. Na kiti alichokuwa akikalia kiache kibarazani, lakini usikitazame.

Ulimharakisha kwenda korokoroni. Usimharakishe kusamehe.